Nimesahau hata kwenda chooni: je, huu ni uchovu wa kawaida?

SWALI: "Daktari, nina miaka 36 na watoto wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 3. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nawaandaa, kisha nakwenda kazini hadi jioni. Kazini nakunywa chai tu. Maji sinywi ili nisiende chooni kila mara, na haja ndogo mara nyingi nabana mpaka nirudi nyumbani. Jioni nakula walichobakiza watoto, nimesimama. Wakishalala nakaa na simu hadi saa sita na nusu usiku, maana huo ndio muda pekee ambao hakuna anayeniita. Mwaka huu nimepata UTI mara tatu. Hedhi yangu imekuwa nzito. Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi nimekiahirisha tangu nijifungue mtoto wa pili. Nawafokea watoto kwa mambo madogo halafu najifungia bafuni nalia. Mume wangu ananisaidia nikimwambia. Watu wananishauri nijipende, nijipe muda, niende mahali nikapumzike. Muda huo nautoa wapi? Au ni uvivu wangu tu? Mbona mama yangu aliweza?"

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pale pale, unaposema hunywi maji ili usiende chooni. Umeipitisha sentensi hiyo katikati ya mengine kama mtu anayetaja rangi ya gauni lake. Kwangu mimi shida yako yote imo humo. Mtoto hasubiri, bosi hasubiri, foleni haisubiri. Umetafuta kitu kinachoweza kusubiri ukakuta ni kibofu chako.

Hilo la uvivu tulimalize hapa hapa. Mvivu haamki saa kumi na moja alfajiri miaka nenda rudi. Na kuhusu mama yako, ulimwona kwa macho ya mtoto. Mtoto huona nguo zimefuliwa, haoni aliyezifua alilala saa ngapi. Hujui kama aliweza, unachojua ni kwamba hakusema. Wanao nao wakikua watasimulia kwamba wewe uliweza.

Wanaokushauri ujipende wana nia njema, ila nakubaliana nawe kwamba ushauri wao umekuongezea kazi. Siku hizi kujitunza kumegeuka jambo la kwenda mahali, kulipia, kupaka kitu usoni. Sina ugomvi na starehe. Lakini unachokosa wewe hakijafika hata kwenye starehe. Unakosa choo, maji, chakula cha kukaa chini, usingizi na vipimo viwili vitatu. Haya hayalipwi kwa wikiendi moja ya mapumziko, kama ambavyo huwezi kunywa Jumamosi maji ya wiki nzima.

Tuanze na mkojo, maana hapo ndipo mwili wako umeshapiga kelele mara tatu. Kibofu cha mtu mzima huanza kutoa taarifa kikiwa na mililita 150 hadi 200 hivi, na kwa kawaida hubeba kama mililita 400 hadi 500. Ubongo una uwezo wa kuinyamazisha taarifa ile ya kwanza, na uwezo huo ni mzuri ukiwa njiani au kwenye kikao. Ukiutumia kila siku kwa miaka, hisia yenyewe hupungua makali. Unafika mahali husikii kitu hadi kimejaa kabisa, na unadhani una kibofu imara. Wakati huo huo, mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, safari fupi sana kwa bakteria. Kinachowarudisha nje ni mkojo wenyewe, unapotoka mwingi na mara kwa mara. Wewe umepunguza yote mawili: hunywi, na hukojoi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 140 wenye hali kama yako, waliokuwa wakipata maambukizi ya kibofu mara kwa mara na wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu ya maji kila siku, wengine wakaendelea kama walivyozoea. Katika miezi 12, walioongeza maji walipata maambukizi wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Kwa maji matupu! Kama una tatizo la moyo au figo, usiongeze maji kiasi hicho kabla ya kuzungumza na daktari wako. Kama huna, dawa hii iko ofisini kwako tayari.

Ila maji peke yake hayatoshi kwa sasa. Maambukizi matatu ndani ya mwaka mmoja, au mawili ndani ya miezi sita, sisi tunayaita ya kujirudia, na hayatibiwi kwa kununua tena vidonge vile vile vya mara iliyopita. Unahitaji kipimo cha kuotesha mkojo, ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi bado inamuua. Kumeza antibiotiki kwa kubahatisha ndiko kunakotengeneza usugu wa dawa. Nasema hivi nikiwa na aibu kidogo, maana mimi mwenyewe, miaka ya nyuma watoto wangu wakiwa wadogo, nilikuwa nikibana mkojo toka mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha najiandikia vidonge mwenyewe. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Mimi nilijiganga, tena vibaya.

Sasa usingizi. Kutoka saa sita na nusu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri unapata saa nne na nusu, na mtu mzima anahitaji walau saba. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyorundikana ndivyo unavyosinzia. Usingizi ndio unaoisafisha. Kafeini iliyomo kwenye chai na kahawa haiisafishi. Inakaa tu kwenye viti vya adenosini ili ubongo usiione. Deni lipo pale pale, umelifunika kitambaa. Na kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano au zaidi baada ya kunywa, kikombe cha alasiri bado kinafanya kazi unapotafuta usingizi usiku.

Kuna utafiti wa mwaka 2003 ambao huwa nauhadithia wagonjwa wangu. Watu wazima wenye afya waliwekwa maabara kwa siku 14, wengine wakiruhusiwa kulala saa nane, wengine sita, wengine nne. Wale wa saa sita na saa nne walizidi kushuka kila siku kwenye vipimo vya umakini, mpaka wakafikia kiwango cha mtu aliyekesha usiku mmoja au miwili mfululizo. Walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo, dada yangu, ukijiuliza kama uchovu wako ni wa kawaida, unamuuliza shahidi asiyeaminika. Aliyepungukiwa na usingizi kwa muda mrefu hupoteza kwanza uwezo wa kujua kwamba amepungukiwa.

Hasira kwa watoto ina mzizi wake hapo pia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotutuliza kabla mdomo haujafunguka, ni miongoni mwa zile zinazoathirika mapema tukikosa usingizi. Ongeza tumbo tupu na chai ya kutwa. Mtoto anamwaga maji sakafuni, na wewe breki huna. Ukishafoka, rudi umwambie mtoto, "Nimekufokea, haikuwa haki, nilikuwa nimechoka." Inachukua nusu dakika, na inamsaidia kuliko machozi ya bafuni ambayo hayaoni.

Kuhusu simu, sitakukaripia. Saa ile ya usiku si uraibu kama wanavyopenda kusema watu. Umenyimwa kila saa ya mchana, unajilipa kwa kuiba usiku. Tatizo ni kwamba unayemwibia ni wewe yule yule, na riba inalipwa alfajiri. Nikikwambia uizime simu saa nne ulale, utajaribu siku mbili kisha utairudia, kwa sababu nitakuwa nimekunyang'anya kitu pekee kilicho chako. Afadhali uihamishe saa hiyo. Jioni mbili kwa wiki, kabla watoto hawajalala, mtu mzima mwingine awashike na wewe uingie chumbani ufunge mlango, ukafanye lile lile unalofanya saa sita usiku. Ukishalipwa mapema, kulala kunakuwa rahisi. Kisha vuta muda wa kulala nyuma kwa nusu saa, ukae hapo wiki mbili, halafu nusu saa nyingine. Hutafika saa saba mwezi huu. Hata tano na nusu utaisikia mwilini.

Lakini nisikudanganye kwamba kila uchovu unatibiwa kwa kulala. Umesema hedhi yako imekuwa nzito, na hapo nanyoosha kidole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wanawake 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na sababu kubwa ni madini ya chuma yanayopotea kila mwezi bila kurudishwa. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Omba pia kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma, kwa sababu akiba huisha kabla damu haijaonekana kupungua, na mtu anaweza kuchoka, kuhema akipanda ngazi na kupoteza nywele huku akiambiwa damu yake iko sawa. Anayekula mabaki, tena na chai juu yake, anajinyima mara mbili: chuma ni kidogo kwenye sahani, na chai inazuia kufyonzwa kwa hicho kidogo. Isogeze chai iwe saa moja au mbili mbali na mlo.

Usikimbilie kununua vidonge vya chuma kabla ya kupima. Chuma kikizidi kina madhara, na wapo watu ambao uchovu wao hauhusiani nacho kabisa. Isitoshe, kidonge hakielezi kwa nini hedhi imebadilika. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, homoni, tezi ya shingoni, au mimba iliyoharibika bila kujulikana. Siku utakayopimwa damu, tezi na sukari navyo viangaliwe. Ni kuchomwa sindano moja, asubuhi moja.

Kipimo cha mlango wa kizazi ulichokiahirisha kinaweza kuwa chepesi kuliko unavyofikiri. Katika mkakati wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitaka wanawake wapimwe kwa kipimo bora angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 35 na tena kabla ya 45. Umechelewa kidogo, hakuna atakayekushtaki. Kipimo cha HPV, yaani virusi vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi, kikionyesha huna virusi hivyo, kinaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudiwa. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ni miaka 3 hadi 5, na huanza mapema zaidi, akiwa na miaka 25. Na mahali ambapo huduma ipo, sampuli unaweza kuichukua mwenyewe, kwa kijiti cha pamba, nyuma ya pazia, kwa dakika chache. Uliza kama wanayo. Wanawake wengi niliowahudumia hawakuwa wakiogopa saratani. Walikuwa wakiogopa kupoteza siku nzima.

Nimeacha lile gumu mwishoni mwa orodha, nalo ni maneno yako, "ananisaidia nikimwambia." Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa. Hizo ni zile zinazohesabika kwa saa. Mwanasosholojia wa Marekani Allison Daminger, katika utafiti alioutoa mwaka 2019 baada ya kuzungumza na wanandoa, aliigawa kazi ya kichwani katika hatua nne: kuona mbele kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia, kuamua, na kufuatilia. Kuamua, aliona, mara nyingi hufanywa na wote wawili. Kuona mbele na kufuatilia huangukia zaidi kwa wanawake.

Chukua viatu vya mtoto. Wewe ndiye uliyegundua vinambana. Wewe uliuliza vinapatikana wapi, ukakumbuka namba, ukampigia mumeo simu, ukampigia tena kumkumbusha. Yeye alipita akavinunua, akarudi nyumbani amesaidia. Kweli amesaidia. Lakini hatua tatu kati ya nne zilibaki kichwani mwako, na kichwa hakina jioni.

Kwa hiyo usimwombe msaada zaidi. Mpe kitu kizima. Mwambie: kuanzia leo nguo na viatu vya watoto ni vyako, kuanzia kugundua hadi kununua, sitakukumbusha. Au: safari zote za kliniki za mdogo ni zako, tarehe unazishika wewe. Mazungumzo haya yafanyike mkiwa mmeshiba na hamjagombana, si saa ile ya kufoka. Halafu inakuja sehemu inayowashinda wanawake wengi, nami nimo: kukaa kimya akifanya vibaya. Atasahau. Mtoto atavaa viatu vinavyobana wiki nzima. Ukiingilia kati siku ya tatu, kazi imerudi kwako na itabaki hapo. Ingilia pale tu afya au usalama wa mtoto uko hatarini.

Kwa msomaji anayelea peke yake, najua ushauri huu haumfikii. Kwake swali ni lipi liachwe lisifanyike, na ni nani, dada, jirani, rafiki mwenye watoto, anayeweza kubadilishana naye jioni moja kwa wiki. Si jibu kamili na sitajifanya kuwa ni kamili. Na kama nyumbani kwako kuzungumza hivi kunaweza kukuletea kipigo au vitisho, acha kabisa habari ya viatu. Tafuta kwanza mtu wa kukusaidia usalama wako.

Usianze yote kwa pamoja, utashindwa ifikapo Jumatano. Wiki hii fanya mawili tu: panga siku ya kwenda kupima, na uende chooni kila baada ya saa tatu au nne kazini, uhisi usihisi. Ifunge kwenye kitu ambacho tayari unafanya: ukifika, kabla ya chakula cha mchana, alasiri, kabla ya kuondoka. Ukitoka chooni, glasi ya maji. Kama mwajiri wako anahesabu dakika za chooni, hilo ni jambo la kuzungumza na wenzako na kulipeleka kwa pamoja, maana hauko peke yako unayebana. Usingizi uanze wiki inayofuata. Mazungumzo na mumeo yafuate ukishakuwa umelala kidogo.

Kuna hali ambazo hazisubiri mpangilio huu. Nenda siku hiyo hiyo ukiwa na homa na maumivu ubavuni au mgongoni pamoja na dalili za mkojo, ukiona damu kwenye mkojo, au ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa. Kubanwa kifua, kuhema kwa shida, jasho la baridi, maumivu ya taya au mgongo yanayokuja ghafla, hata kama una miaka 36, ni safari ya dharura. Mshtuko wa moyo kwa wanawake wakati mwingine huanza kwa kichefuchefu na uchovu wa ajabu, na wenyewe husema "ni kazi tu." Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi, uvimbe kwenye titi, na kupungua uzito bila sababu, visipite wiki.

Na moyo wako nao uangaliwe. Watafiti wa Ubelgiji Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak wameueleza uchovu wa malezi uliopitiliza: mzazi ameishiwa nguvu kabisa, raha ya kuwa na watoto imetoweka, anawahudumia kama mashine, na akijilinganisha na mzazi aliyekuwa zamani hajitambui. Bado unalia baada ya kuwafokea, na mimi naona moyo wako bado uko kwa watoto wako. Ukifika mahali hulii tena wala hujali, hiyo ni dalili mbaya zaidi kuliko machozi. Vilevile, ukiwa na huzuni au kutofurahia chochote karibu kila siku kwa wiki mbili, hiyo inaweza kuwa sonona, na ina matibabu. Ukipata mawazo ya kutaka kufa, au kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe, mwambie mtu leo na uende hospitali leo, usiku au mchana.

Siku ya miadi, andika kwenye karatasi tarehe za yale maambukizi matatu na majina ya dawa ulizotumia, siku hedhi ya mwisho ilipoanza, ilichukua siku ngapi na pedi ngapi kwa siku ile iliyokuwa nzito. Watoto waache kwa mtu. Na daktari akikuuliza umekuja na shida gani, tafadhali usianze na kikohozi cha mdogo.